Mwanangu Waliyemwita Mdomo

Mwanamke nisiyemjua alipiga magoti mbele yangu sokoni Arua, kwenye matope na maganda ya ndizi, akaomba ashike tumbo langu.

Sina mimba. Nina miaka arobaini na sita.

"Mama ya Mdomo," akasema. "Mimi naomba kugusa tu. Hii tumbo ndiyo ilizaa yeye."

Watu wakaanza kusogea. Muuza nyanya akaacha kupanga nyanya zake. Nikamwambia yule dada asimame, ananiaibisha. Akasimama, lakini kiganja chake kilikuwa kimeshafika kwenye gauni langu, na machozi yanamtoka.

Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Mkononi alikuwa na sufuria kubwa, nzima, na mfuniko wake.

"Chukua," akasema. "Sisi navuka kesho."

Niliishi Koboko miaka kumi na moja. Kule mtu akisema anavuka, anaenda Congo kuuza sabuni, au Sudan Kusini kutafuta ndugu zake. Ni neno la kila siku kama kuchota maji. Kwa hiyo nikamjibu kwa mzaha:

"Sasa kama unavuka, sufuria ya nini kunipa mimi? Congo hamtapika?"

Akatabasamu kama mtu anayeongea na mtoto.

"Kule hatupiki, Mama."

Nikaacha mzaha.

"Mnavukia wapi?"

"Mtoni. Maji imejaa vizuri sasa."

"Na Mdomo?"

"Yeye nasimama kando ya maji mpaka mutu ya mwisho naingia. Halafu yeye nafuata."

Nikamuuliza jina. Stella Kiden. Nikamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Minne.

Sufuria nikaiacha pale pale. Nikaondoka mbio.

Naitwa Driwaru, mzaliwa wa Ajia. Nina diploma ya ualimu na nafundisha Kiswahili sekondari, huku Mvara, Arua. Siandiki ili mnionee huruma. Someni mpaka mwisho, halafu mnitukane mkitaka. Nafasi ipo hapo chini.

Huyo Mdomo ni mwanangu wa pekee, Romano. Baba yake, Saturnino, ndiye aliyeanzisha dini ya Watu wa Ng'ambo kule Ludara, Koboko.

Dini hiyo ilianzia kwenye kitanda changu. Nilikuwepo.

Saturnino ni Mkakwa, mtoto wa askari, alikulia kambini. Mimi ni Mlugbara. Yeye hajui Kilugbara, na Kikakwa kilinishinda, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili. Si hiki ninachoandika hapa. Ni kile cha Koboko, cha kambini na sokoni, ambacho kitenzi chake hakijali jana wala kesho. "Navuka" ni nimevuka, ni ninavuka, ni nitavuka. Unamwangalia mtu usoni ndipo ujue ni ipi.

Mtoto akakua na Kiswahili hicho.

Jumamosi moja, Romano akiwa na miaka saba, nilikuwa natoka naye sokoni Koboko pamoja na majirani. Mvua ikatukuta njiani. Kijito tulichozoea kukivuka kwa kuruka mawe kilikuwa kimejaa, maji mekundu yanapiga kelele. Majirani wakavuka haraka, kila mtu na mzigo wake. Mtoto akaogopa, akabaki upande wa huku analia. Nikambeba mgongoni nikamvusha. Tukaenda nyumbani.

Kesho yake akaamka na malaria kali.

Jioni Saturnino akarudi safarini. Wakati huo alikuwa utingo kwenye malori ya Juba. Akamkuta mtoto anatetemeka, macho yamegeuka, anarudia maneno yale yale:

"Watu yote navuka. Mimi nabaki. Watu yote navuka."

Saturnino hakujua habari za kijito. Begi likamtoka mkononi.

"Driwaru, unasikia? Watu wote watavuka. Huyu mtoto naona kitu!"

Nilipaswa kumwambia: tulia bwana, anaota mambo ya jana. Maneno sita hayafiki saba. Nilifungua mdomo kabisa.

Nikaufunga.

Nikampa mtoto dawa, siku ya tatu homa ikashuka. Lakini baba yake alikuwa ameshapita kwa ndugu zake wote. Baada ya wiki mbili kulikuwa na watu kumi na wawili wamekaa uani kwangu, wanangoja mtoto, ambaye sasa walimwita Mdomo, aseme tena.

Walileta kuku. Walileta simsim na asali. Wale kuku niliwapika na nikala.

Mnajua maisha ya mtoto ambaye kila neno lake linaandikwa kwenye daftari?

Akisema "naona giza", wanaandika. Akisema "nataka kukojoa", mzee mmoja anawauliza wenzake kwa heshima, hayo maji yanayotaka kutoka kwa Mdomo ni maji gani. Sitanii. Nilikuwepo, nikacheka, na hakuna mwingine aliyecheka.

Alikatazwa mpira, maana Mdomo akianguka ni ishara mbaya. Watoto wenzake waliambiwa wamwamkie kwa magoti. Sasa nani atacheza na wewe akiwa amepiga magoti?

Alipofika miaka kumi nikamchukua tukahamia Arua. Saturnino hakunipiga wala hakunizuia. Alisema tu:

"Atarudi. Alisema mwenyewe kwamba anabaki."

Mvara alisoma vizuri. Lakini akawa mtoto wa kupima maneno. Unamuuliza kama chai ina sukari, anafikiri kwanza, anakuangalia mikono kama umeshika kalamu.

Alipokuwa na miaka kumi na saba wakaja. Watu thelathini wenye kanzu nyeupe wakakaa nje ya geti langu, kimya, bila chakula, juani. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Niliwafukuza, niliwamwagia maji, niliita majirani. Wapi! Siku ya nne mama mmoja akazimia.

Romano akafunga begi.

"Unaenda wapi?"

"Wanaungua na jua, Mama."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwake kwa miaka mitatu. Alipofika Ludara akanyamaza kabisa. Sio kwangu tu, kwa kila mtu. Na baba yake akawaambia watu: Mdomo umefungwa, maana yake yote yameshasemwa. Imebaki kuvuka.

Hata ukimya wake waliutafsiri.

Basi, kutoka sokoni siku ile nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu Okuonzi, ambaye ni mtu wa boda. Nilimkuta amelala juu ya pikipiki yake, kofia ya chuma usoni.

"Amka. Koboko."

"Dada, hao watu wako wa kanzu wameanza tena?"

"Kesho wanaingia mtoni. Na Romano."

Akakaa wima. "Mtoni kuoga au mtoni…"

"Washa pikipiki, Okuonzi."

"Nawasha. Lakini mimi sijui kuogelea, nakwambia mapema."

Ludara tulifika saa nane mchana. Nikaanza kwa mwenyekiti wa kijiji, Swadiki, kwa sababu jambo likiwa kubwa lazima serikali ijue. Alikuwa barazani anatengeneza baiskeli.

"Mwalimu! Umepotea! Miaka ngapi?"

"Mwenyekiti, wale watu wa Saturnino wanafanya nini kesho?"

"Wale? Navuka. Walikuja kuniaga vizuri kabisa. Mimi hata naandikia wao barua ya njia."

"Barua ya kwenda wapi?"

"Congo. Si navuka?"

"Swadiki, umewahi kuona mkulima anahamia Congo anaacha jembe lake?"

Akacheka. Halafu kicheko kikakatika. Akageuka polepole kuangalia ukuta wa nyumba yake. Majembe manne yalikuwa yameegemezwa pale, mipini imeng'aa kwa kazi.

"Nani amekupa hayo?"

"Wao," akasema. "Walisema ni zawadi." Akaweka spana chini. "Mwalimu, mimi naenda mjini kwa polisi sasa hivi. Wewe enda kwa mtoto yako."

Nilitegemea Watu wa Ng'ambo wanifukuze. Walinipokea kwa nyimbo.

Wanaume, wanawake, watoto, kama sitini hivi, wote kwenye nyeupe iliyofuliwa ikatakata. Wakanitandikia mkeka mpya. Mama ya Mdomo amekuja! Shahidi amekuja! Mzee Aliga, ambaye masikio yamemfa, mpaka umpigie kelele kwenye sikio la kushoto ndipo apate kitu, alinishika mikono yote miwili akacheka bila meno. Yeye ndiye aliyeleta kuku wa kwanza mwaka ule.

Nikatazama jikoni. Mafiga yalikuwa baridi. Hakuna sufuria hata moja.

Saturnino akatoka kwenye nyumba ya sala. Amekonda, kanzu inamning'inia kama imeanikwa kwenye kamba. Niseme kitu ambacho hamtakipenda: nilikwenda nikitaka kumkuta tapeli. Ningemkuta ameficha chakula, ningemkuta na wasichana, ningejua cha kufanya. Lakini yule mwanaume alikuwa anaamini. Alikuwa na njaa kuliko wote.

"Umekuja kushuhudia," akasema.

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Ana miaka ishirini. Muulize yeye."

Romano alikuwa ndani, peke yake, kwenye kigoda. Amekuwa mrefu, magoti yamefika kifuani. Nikachuchumaa mbele yake.

"Romano, mjomba wako yuko nje na pikipiki. Toka nje kama unaenda chooni, panda, twende. Mimi nitashughulika na hawa."

Akatikisa kichwa kukataa. Akaelekeza kidevu mlangoni, kwa wale watu waliokuwa wanaimba.

"Hao si juu yako!"

Akainua kidole, akakiweka kwenye midomo. Si yake. Yangu. Akakandamiza mpaka nikasikia meno.

Nikaelewa: nyamaza, Mama, utaharibu.

Na mimi, mtaalamu wa kunyamaza, nikanyamaza.

Mimi na Okuonzi tulilala pale pale. Asubuhi Swadiki akanipigia simu. Polisi wako njiani, lakini maji yamekata njia ya gari, inabidi wazunguke. "Chelewesha wao, Mwalimu! Fanya mambo yoyote!"

Rahisi kusema. Walikuwa wameshajipanga. Tukateremka bondeni kwa mstari mmoja, wanaimba polepole, watoto wameshikwa mikono. Mto niliusikia kabla sijauona. Sitaeleza sana. Gogo la mti lilipita katikati likizunguka kama kijiti.

Okuonzi alikuwa ananivuta mkono. "Dada, fanya kitu. Dada. Wewe si ni mwalimu? Wapigie kelele!"

Saturnino akasimama pembeni mwa maji. Romano akasimama juu ya jiwe, kama mnara, mahali pake pa kubaki mpaka wa mwisho. Alikuwa ananiangalia mimi. Haangalii mto, haangalii baba yake. Mimi tu.

Ndipo Stella Kiden akaja, amembeba mtoto wake mgongoni, akanigeuzia mgongo.

"Mwalimu, angalia fundo yangu. Mtoto isianguke ndani ya maji."

Fundo lilikuwa limelegea kidogo upande wa kulia. Mikono yangu ikaanza kulikaza yenyewe. Ni kazi ambayo mikono ya mama inaijua. Kitoto kilikuwa kimelala, mate yanadondoka kwenye kanga.

Mikono ikasimama.

"Hapana," nikasema.

"Imelegea?"

"Hapana! Hakuna mtu anayevuka hapa!"

Nyimbo zikakatika.

Nikapanda kwenye kichuguu nikasema yote kwa sauti ya darasani. Kwamba mtoto alikuwa na malaria. Kwamba jana yake kijito kilijaa, majirani wakavuka, yeye akabaki akilia. Kwamba ile "navuka" ilikuwa ya jana, si ya kesho. Walivuka! Wamevuka! Hakuna mtu aliyeona mbingu, mtoto aliona majirani zetu na mizigo yao!

Kijana mmoja akapaza sauti:

"Mwalimu ya Swahili nataka fundisha Mungu Swahili!"

Wakacheka. Watu wanaokwenda kufa, wakacheka.

"Iko na cheti!" mwingine akadakia. "Mungu, ngoja kwanza, Mwalimu nasahihisha!"

Saturnino hakucheka.

"Miaka kumi na mitatu, Driwaru. Leo ndiyo umekumbuka?"

"Nimekumbuka kila siku."

"Basi kwa nini hukusema?"

Nikageuza macho kwenye mto.

"Jibu. Kama ni jambo dogo hivyo, la kijito tu, kwa nini ulinyamaza?"

Mama mmoja akasema, "Hana jibu. Shetani ametuma mwalimu." Wakaanza kugeuka. Stella akakaza fundo lake mwenyewe.

"Samaki walivuka kwanza."

Ilikuwa sauti ya mwanaume, kavu, imekwama kama mlango wa zamani. Watu wakageuka huku na huku kutafuta aliyesema. Mama mmoja akaanguka chini kwa magoti, na wengine wakamfuata.

Mdomo ulikuwa umefunguka.

"Mama alikuwa na kikapu cha angara," Romano akasema. "Samaki wakavu. Alisema wakilowa wataoza. Akaniacha pale, akavusha samaki kwanza. Nilimwona akifika upande wa pili. Akaweka kikapu kwenye jiwe, akaanza kuwapanga. Alichukua muda mrefu. Maji yalikuwa yanapanda, yakafika kwenye miguu yangu. Nikafikiri harudi. Ndiyo nikasema watu wote wa-me-vu-ka, mimi ni-me-ba-ki."

Akakata neno vipande vipande, vizuri, kama nilivyomfundisha, ili hata mtoto mdogo asikosee.

Ndugu msomaji, rudi pale juu nilipowaeleza habari ya kijito. Tafuta samaki. Hutawaona. Nyinyi pia niliwaficha.

Hiyo ndiyo sababu ya miaka kumi na mitatu. Haikuwa kuku wala asali. Kumweleza mume wangu jioni ile kwamba mtoto anaota kijito kungenilazimu kumweleza ilikuwaje mtoto wa miaka saba akabaki peke yake kando ya mafuriko. Nilivusha samaki, nikarudi kwa mtoto baadaye. Niliona aibu. Ni hilo tu.

"Ni kweli," nikasema. Sauti yangu haikufika mbali. "Nilivusha samaki kwanza."

Hapo hawakucheka. Unajua, mtu anaweza kutunga habari ya malaria. Lakini hakuna mama anayetunga jambo la kumwacha mwanawe kwa ajili ya samaki. Stella Kiden aliniangalia kwa namna ambayo naiona mpaka leo, akamzungusha mtoto wake kutoka mgongoni mpaka kifuani, akamkumbatia.

Mmoja akakaa chini. Kisha wengine. Saturnino akaketi kwenye matope na kanzu yake nyeupe, mikono juu ya kichwa.

Nikadhani tumemaliza.

"Mzee!" Okuonzi akapiga kelele. "Mzee, rudi!"

Mzee Aliga hakuwa amesikia chochote. Hakunisikia mimi, hakumsikia Romano. Yeye alimwona Mdomo akifunguka, akaona watu wanapiga magoti, akajua saa imefika. Alikuwa ameshaingia mpaka kiunoni, mikono juu, anacheka bila meno.

Okuonzi, asiyejua kuogelea, aliingia mpaka kifuani. Romano aliruka kutoka kwenye jiwe akaingia nyuma yake, na mimi nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Kwa pumzi chache sikumwona mwanangu. Maji tu. Halafu Okuonzi akamshika Romano kanzu, na wanaume wengine wakashika mkono wa Okuonzi, wakawavuta wote wawili.

Mzee Aliga walimpata siku ya pili, mbali huko chini, kwenye matete.

Polisi walifika na Swadiki, wakakuta watu hamsini na kitu wamekaa kwenye majani. Kabla hawajamchukua, Saturnino alinijia. Nilijua atanitukana. Nilikuwa tayari.

"Ungeniambia jioni ile, ningekuamini," akasema. "Mimi nilikuwa utingo. Wewe ndiye ulikuwa na masomo."

Akaenda kupanda gari mwenyewe. Kesi yake bado haijaisha, kwa hiyo hapo sitaongeza neno.

Romano alikuwa anatetemeka chini ya koti la Okuonzi. Nikakaa karibu naye.

"Ulikumbuka wakati wote?"

"Wakati wote."

"Sasa kwa nini hukusema wewe, Romano?"

"Nilisema. Nikiwa na miaka tisa nilimwambia Baba habari ya kijito. Akachukua daftari akaandika. Ikawa fundisho, kijito ni dunia." Akapumua. "Mimi nikisema, Mama, inakuwa unabii. Wewe ukisema, inakuwa habari tu. Nilikuwa nakungoja."

"Lakini jana ulinizuia. Uliniwekea kidole mdomoni."

Akaniangalia kama mwanafunzi anavyomwangalia mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni.

"Sikukuzuia. Nilikuonyesha ni mdomo gani."

Tulimzika Mzee Aliga Jumamosi alasiri. Ndugu zake hawakuwa Watu wa Ng'ambo, wengi walikuwa hawajamwona miaka mingi. Okuonzi aliniambia tuondoke kimya kimya, hakuna anayenijua. Nikakataa. Kuondoka kimya kimya nimeshafanya vya kutosha.

Nikasimama mbele ya watu nikaeleza kila kitu, safari hii na samaki ndani yake.

Nilipomaliza, binti yake Mzee Aliga, Hajara, mwanamke wa rika langu, akasimama. Akaja mpaka mbele yangu. Nikangoja kofi. Ningelipokea.

"Walikuwa wangapi?" akauliza.

"Nani?"

"Samaki."

"Kumi na mmoja."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetaka tu kujua. Akarudi kukaa na wenzake. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, na sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo.

Romano sasa yuko kwangu, Mvara. Hajapona, msidanganyike. Kuna siku hasemi kitu mpaka jioni. Kuna siku nyingine nasikia stendi ya boda hapo nje anabishana na Okuonzi juu ya mpira, wanaitana wajinga, na mimi nazima redio ili nisikie vizuri. Hakuna anayeandika.

Nimeomba ruhusa yake kabla ya kuweka hii hapa. Akasema, "Weka. Lakini usijifanye mwema."

Basi siwezi kujifanya. Wewe unayesoma, kama una kajambo kadogo ka aibu umekakalia, na unaona watu wanajenga nyumba nzima juu ya uongo uliotokana nako, kaseme leo, kangali kadogo. Watakucheka wiki moja. Mume atanuna. Mashemeji watapata la kusema kwenye sherehe. Vumilia.

Yangu ilikuwa aibu ya kikapu kimoja. Ningeisema jioni ile tungemaliza mimi na mume wangu kwa ugomvi, tukalala. Nilikuja kuisema mbele ya watu sitini, kando ya mto, na mmoja wao alikuwa hasikii.